Mafuta ya Eyasi: mipaka iwekwe kabla ya kisima

Swali hili hutufikia studioni kwa simu na kwa ujumbe mfupi, kutoka Mang'ola, Baray, Endulen hadi Karatu mjini: ni kweli wanatafuta mafuta Eyasi? Na yakipatikana, sisi tutapata nini na tutapoteza nini?

Swali la kwanza jibu lake ni fupi: ndiyo. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, linatafuta mafuta katika kitalu kinachoitwa Eyasi Wembere. La pili linahitaji maelezo marefu, ndiyo maana tumeamua kuliandika hapa ili msikilizaji alisome kwa wakati wake na kumsomea jirani.

Tuseme mapema tunachokiamini. Maeneo yasiyotakiwa kuguswa ni lazima yatajwe sasa, wakati hakuna hata pipa moja lililopatikana. Mafuta yakishaonekana, kila mpaka utaonekana ni kikwazo, na atakayeutetea ataambiwa anapinga maendeleo.

Nini kinaendelea

Kitalu cha Eyasi Wembere kinafuata tawi la Bonde la Ufa linaloanzia upande wetu wa Ziwa Eyasi na kushuka kusini hadi mbuga za Wembere. Kinagusa mikoa kadhaa ikiwamo Arusha, Simiyu, Singida na Tabora. Kwa wilaya, zimo Karatu, Meatu, Iramba na Igunga.

Kazi ya kutafuta mafuta huenda kwa hatua. Kwanza ndege hupita juu ikiwa na vifaa vya kupima uvutano wa ardhi, ili kujua wapi miamba laini imejikusanya kwa kina kirefu. Kisha huchorongwa visima vifupi, si vya kutoa mafuta bali vya kutoa sampuli za miamba. Baada ya hapo hufuata mitetemo: wataalamu hufungua njia nyembamba zilizonyooka, hutikisa ardhi kwa baruti au kwa magari maalumu, na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka chini. Mwangwi huo huchorwa kuwa picha ya tabaka za ardhi.

Eyasi Wembere imepita hatua hizo. Kipimo cha ndege kimefanyika, visima vifupi vimechorongwa, na mamia ya kilomita za mitetemo zimepimwa. Hatua inayofuata, kama picha itaridhisha, ni kisima kirefu cha utafiti. Hicho ndicho huja na mtambo mkubwa, taa usiku kucha, kambi, malori, na mashimo ya kuwekea tope linalotoka chini.

Jambo moja lieleweke: visima vingi vya utafiti duniani hutoka vikavu. Kwa hiyo tuna maswali mawili hapa. La kwanza ni tutafanyaje mafuta yakipatikana. La pili, linalosahaulika, ni nani atafukia mashimo na kufunga njia yasipopatikana.

Kwa nini Serikali inatafuta

Hoja ya Serikali ina uzito na tuitendee haki. Tanzania ina gesi tangu ilipogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, lakini haijawahi kutangaza mafuta ya kibiashara. Kila lita ya petroli na dizeli inatoka nje. Mwaka 2022 bei ilipopanda duniani, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Mkulima wa vitunguu anayevuta maji kwa pampu hakuhitaji kuelezwa na mtaalamu maana ya bei ile. Aliiona kwenye dumu.

Majirani zetu nao wamepata. Uganda iligundua mafuta ya kibiashara upande wa Ziwa Albert mwaka 2006. Kenya iliyapata Lokichar, Turkana, mwaka 2012. Yote yametoka kwenye Bonde la Ufa hili hili, ndiyo maana wataalamu wanaiangalia Eyasi kwa matumaini. Zaidi ya hapo, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita Tabora, Singida na Manyara. Mafuta ya Eyasi Wembere hayatakuwa mbali na njia ya kufika baharini.

Hata hivyo tusidanganyane kuhusu bei. Mafuta ghafi si petroli. Yanahitaji kiwanda cha kuyasafisha, na kile cha TIPER pale Dar es Salaam kiliacha kazi hiyo miaka mingi iliyopita, sasa ni maghala. Mafuta ya Uganda nayo yamepangwa kuuzwa nje kupitia bomba. Kwa hiyo kuchimba Eyasi hakumaanishi dumu litashuka bei Barazani. Faida, kama itakuwapo, itakuja kwa njia ya mapato ya Serikali, ajira na ushuru. Na haitakuja kesho. Kutoka ugunduzi wa 2006, Uganda ilifikia uamuzi wa mwisho wa uwekezaji Februari 2022, yaani miaka 16. Kenya ilisafirisha shehena ya majaribio mwaka 2019 kwa kuyabeba kwa malori hadi Mombasa.

Mtoto aliye darasa la kwanza leo Mang'ola anaweza kuwa mzazi kabla pipa la kwanza halijauzwa. Lakini njia, kambi na mashimo yatakuwa yamekwisha kufika.

Bonde lisilo na mlango wa kutokea

Kila mahali penye mafuta pana hatari ya kumwagika. Eyasi ina jambo la ziada. Ziwa letu halina mto unaotoka. Maji yote yanayoingia hubaki hapo mpaka jua liyakaushe, na kinachobaki ni magadi na chumvi.

Na yanayoingia hutoka mbali. Mito ya Wembere na Manonga humwaga maji Ziwa Kitangiri, na Kitangiri likijaa hupeleka maji Eyasi kupitia mto Sibiti. Maana yake ni kwamba kisima kitakachochimbwa Igunga au Iramba hakiko mbali na Karatu kama ramani ya wilaya inavyoonyesha. Mvua kubwa ikija na tope la kisima likazidi ukingo wa shimo, njia yake ya mwisho ni huku kwetu. Miaka ya maji mengi watu huvua kambale na perege Eyasi, na korongo wadogo wa rangi ya waridi, heroe, hujaa ukingoni. Katika bonde lililofungwa namna hii, uchafu hauna pa kwenda.

Hapa tutenganishe mambo mawili, maana tumesikia yakichanganywa. Vitunguu vya Mang'ola havinyweshwi maji ya ziwa. Vinanyweshwa maji ya chemchemi, ambayo chanzo chake ni mvua inayonyonywa na misitu ya miinuko ya Ngorongoro na kutokeza chini ya miteremko. Kwa hiyo hatari kwa vitunguu si mafuta kumwagika ziwani. Hatari ni maji kugawanywa. Uchorongaji hutumia maji mengi, na tunajua hali ilivyo kwenye mifereji yetu mwezi wa tisa na wa kumi, wakulima wanapolala shambani kulinda zamu. Swali la kuuliza siyo tu "mtachafua?" bali pia "maji ya mtambo mtayatoa wapi?"

Wahadzabe na njia iliyofunguliwa

Kuna watu ambao kwao msitu wa Eyasi ndio ghala, duka na dawa. Wahadzabe ni takribani elfu moja na kidogo. Wanaishi kwa mizizi, asali, ubuyu, matunda ya porini na nyama ya kuwinda. Kwa miaka mingi ardhi yao imepungua: mashamba yamesogea, mifugo imeongezeka, miti imekatwa kwa mkaa.

Upande wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011, na huko vijiji vinapata fedha za biashara ya hewa ukaa kwa kutunza msitu usikatwe. Ni mfano wa ardhi ya porini kuleta kipato ikiwa imesimama vile vile. Fedha hizo zina masharti: miti ikiondoka, malipo nayo yanaondoka.

Wanaotetea utafiti husema njia ya mitetemo ni nyembamba, na baada ya mvua mbili nyasi huota. Ni kweli kwa nyasi. Lakini tunaoishi huku tunajua njia iliyofunguliwa porini hutumiwa na wengine. Leo inapita gari la utafiti, kesho pikipiki ya mchoma mkaa, keshokutwa mwenye kutafuta shamba. Kisima kinaweza kuzibwa kwa saruji, lakini njia ikishazoeleka huwa vigumu kuifunga. Kwa Mhadzabe, njia hiyo inaweza kuwa na madhara makubwa kuliko kisima chenyewe.

Waliotangulia wanatufundisha nini

Uganda inatupa mfano wa karibu wa kuchimba mafuta ndani ya hifadhi. Mradi wa Tilenga wa TotalEnergies umepanga visima zaidi ya 400 katika maeneo 31 ya kuchorongea, na 10 kati ya hayo yako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Kampuni inasema eneo linalokaliwa na mitambo ni sehemu ndogo mno ya hifadhi, na kwa hesabu ya mita za mraba ni kweli. Lakini hifadhi imepata pia barabara za lami na daraja jipya la Mto Nile pale Paraa, na wakazi wa vijiji vya jirani wamelalamika kuwa tembo wanatoka na kuvamia mashamba yao. Kilimo na tembo ni hesabu ambayo Karatu tunaijua vizuri, hasa vijiji vinavyopakana na msitu wa Ngorongoro.

Jambo la kujifunza Uganda ni mpangilio wa matukio. Leseni zilitolewa, mafuta yakapatikana chini ya hifadhi, ndipo mjadala mkubwa ukaanza kama hifadhi iguswe. Kufikia hapo mjadala ulikuwa wa namna ya kuchimba. Ule wa kuchimba au kuacha ulikuwa umepitwa.

Hapa nyumbani tunao mfano wetu. Gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, inatoka ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Mto Ruvuma. Bahari haikufa na umeme unawaka. Hilo tulikubali. Lakini mwaka 2013 Mtwara iliingia kwenye vurugu zilizogharimu maisha, kwa sababu wananchi waliona bomba linakwenda Dar es Salaam wakati wao hawajui kilichoandikwa kwa ajili yao. Ahadi za mdomo zilikuwa nyingi, maandishi machache.

Na Selous, urani ilipopatikana Mto Mkuju, mpaka wa eneo la Urithi wa Dunia ulisogezwa mwaka 2012 ili kuipisha. Hapo ndipo hoja yetu ilipo: mali ikishaonekana, mpaka ndio husogea.

Mipaka iliyoshika

Siyo kila mahali mpaka ulisogea. Wasikilizaji wa Ngorongoro mtakumbuka Ziwa Natron. Mwaka 2006 kulikuwa na mpango wa kiwanda kikubwa cha magadi, wa kampuni ya Tata Chemicals pamoja na Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC. Natron ndipo wanapozaliana sehemu kubwa ya heroe wadogo wote duniani. Kulikuwa na kelele nyingi, tathmini ya mazingira ilikosolewa hadharani, na mwaka 2008 Tata ikajiondoa. Baadaye macho ya Serikali yalielekea Engaruka, wilayani Monduli, kwenye magadi yaliyo nje ya ziwa. Nchi haikuacha magadi. Ilitafuta pa kuyachukua pengine.

Huko Congo, kampuni ya Uingereza ya SOCO ilifanya mitetemo Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mwaka 2014 ilikubali kutochoronga humo. Mwaka 2022 Serikali ya Congo ilitangaza mnada wa vitalu vya mafuta, vingine vikigusa Virunga, kisha mwaka 2024 ikaufuta mnada huo. Kilichoisaidia Virunga ni kwamba ni Urithi wa Dunia, na jambo hilo lilijulikana kabla ya mtambo kuingia.

Ngorongoro nayo ni Urithi wa Dunia tangu 1979, na mwaka 2010 iliongezewa hadhi ya urithi wa utamaduni. Karatu, Ngorongoro na Monduli pia zimo kwenye hifadhi ya kijiolojia ya Ngorongoro Lengai, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018, na Ziwa Eyasi limo. Msimamo wa UNESCO unajulikana: uchimbaji wa mafuta hauendani na Urithi wa Dunia.

Lakini hadhi ya kimataifa peke yake haitoshi, kwa sababu sheria ya nyumbani ina mlango. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inazuia uchimbaji madini ndani ya mapori ya akiba, ila imeruhusu vitu vitatu kwa masharti: mafuta, gesi na urani. Pori la Akiba Maswa, linalopakana na Serengeti na Ngorongoro upande wa Meatu, liko chini ya sheria hiyo.

Haki iwe moja

Hapa kuna jambo ambalo watu husema kwa sauti ya chini, nasi tutalisema kwa heshima. Wakazi wa Hifadhi ya Ngorongoro wameambiwa kwa miaka kwamba ardhi ile ni dhaifu. Kilimo hakiruhusiwi, hata bustani ya mchicha nyuma ya boma. Tangu 2022 familia zimekuwa zikihamia Msomera, Handeni, na sababu inayotolewa ni kwamba watu na mifugo wamezidi uwezo wa hifadhi.

Wengine wanakubali hoja hiyo, wengine wanaipinga, na mjadala wake bado unaendelea. Lakini vyovyote unavyoamini, kipimo lazima kiwe kimoja. Kama ardhi haiwezi kubeba jembe na ndama, haiwezi kubeba mtambo wa kuchoronga. Ukingo wa kaskazini wa Eyasi unapakana na hifadhi hiyo. Siku mtambo ukionekana ndani ya mpaka wake, hakuna semina itakayomshawishi mzee wa Endulen kwamba alihamishiwa jirani zake kwa ajili ya uhifadhi.

Kuna pia upande wa mfuko. Karatu mjini inaishi kwa magari yanayokwenda lango la Loduare: hoteli, gereji, masoko ya mboga, vijana wanaobeba mizigo. Mapato hayo yapo leo. Ya mafuta bado ni matumaini. Si busara kuyaweka ya leo rehani kwa ajili ya yasiyojulikana.

Tunachopendekeza

Hatusemi utafiti usimame kila mahali. Kujua kilicho chini ya ardhi yetu ni haki ya nchi. Tunasema mambo matatu yaandikwe kabla ya kisima kirefu cha kwanza.

Kwanza, Hifadhi ya Ngorongoro yote, ukingo wa ziwa na vyanzo vya chemchemi vitamkwe wazi kuwa maeneo yasiyochorongwa. Kwa ardhi ya Wahadzabe, hakuna njia itakayokatwa bila wao wenyewe kukubali, kwa lugha yao na kwa muda wa kutosha.

Pili, tope na maji yatakayotoka kwenye visima yasiachwe bondeni, na fedha za kufukia mashimo na kufunga njia ziwekwe benki kabla kazi haijaanza, ili kisima kikitoka kikavu tusiachiwe uchafu.

Tatu, mgawo wa halmashauri na vijiji ujulikane kwa maandishi: ushuru wa huduma, fidia ya ardhi na ajira za wenyeji. Mtwara ilitufundisha gharama ya kuacha hilo baadaye.

Maswali ya kubeba mkutanoni

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi kama huu ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Wataalamu wakifika kijijini kwako, mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pako. Usisaini mahudhurio ukaondoka. Uliza haya, na hakikisha mtendaji anayaandika kwenye muhtasari:

Njia zenu zitapita wapi hasa, na tunaweza kuiona ramani yake leo?

Maji ya kuchorongea mtachukua chanzo gani, lita ngapi kwa siku, na msimu gani?

Tope na maji machafu mtayapeleka wapi?

Kisima kikiwa kikavu, nani atafunga njia, na kwa muda gani?

Ripoti ya tathmini tutaipata kwa Kiswahili, na kabla ya uamuzi au baada yake?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Ripoti inayofika baada ya uamuzi ni taarifa tu. Maoni ya mwanakijiji yana nguvu pale yanapoweza kubadilisha ramani, na kwa Eyasi wakati huo ni sasa, kabla ya mtambo kufika.

Kama mkutano wa namna hiyo umefanyika au umetangazwa kijijini kwako, tuandikie kilichoulizwa na kilichojibiwa. Tutakisoma hewani, na tutawatafuta wahusika watoe majibu.